Bluzi ya Buluu Nyuma ya Mlango

Mireille, na wewe Wanjiru, mliniuliza mara nyingi ile bluzi ya buluu iliyoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango ni ya mteja gani asiyekuja kuchukua nguo zake. Nilikuwa nawajibu, "Fanyeni kazi." Sasa nimestaafu, bluzi haipo tena pale, na mimi nina muda wa kukaa kitini kama bosi, kwa hiyo nitawajibu vizuri. Nitaanza mbali kidogo. Mwenye haraka aende akapige pasi kwanza.

Nilifika Durban nikitoka Lubumbashi, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kiwandani, Mobeni, kushona ovaroli. Nasema ovaroli, lakini ukweli ni kwamba nilishona kola tu. Kola asubuhi, kola mchana, kola mpaka king'ora kinalia. Vidole vilikuwa vinashona kola hata nikiwa kanisani. Mtu aliyesomea kukata suti nzima, leo anaitwa "yule wa kola". Iliniuma, siwafichi. Mke wangu, Mama Béa, ndiye aliyesema, "Papa, toka huko kabla hujageuka kola wewe mwenyewe." Ndipo tukapanga kile chumba cha Glenwood, chini ya ghorofa la wanafunzi, ambacho nyinyi sasa mnakiita ateliye yenu, karakana ya kushonea.

Mwanzoni hakuna aliyekuja ila wanafunzi wenye jinzi za kupunguza. Kisha siku moja akaingia mama mmoja mzungu, mnene kidogo, amevaa nyeusi kuanzia shingoni mpaka kwenye soksi, amebeba shuka la kitanda lililofungwa fundo. Akalifungua mezani. Ikatoka nguo nyeupe, marinda juu ya marinda, mwisho wake siuoni. Nikanung'unika kwa Kiswahili, nikijua niko salama, "Huyu naye kaniletea mapazia ya nyumba nzima."

Akanitazama. "Hapana pazia, Papa. Ni sketi ya mwanaume. Na kama hauwezi, sema tu, miye niende kwa fundi mwingine."

Eish! Kiswahili cha kwetu kabisa. Nilitamani cherehani inifunike. Yeye akacheka mpaka akaketi. Jina lake Madame Despina. Alizaliwa Likasi, baba yake alikuwa na duka la vitambaa karibu na stesheni, na serikali ilipochukua maduka ya wageni, familia nzima ikashuka kusini mpaka baharini. Hapa Durban alikuwa akifundisha ngoma za Kigiriki kwenye ukumbi wa Wagiriki wenzake. Alitafuta fundi, akampata mtu wa kuongea naye lugha ya utotoni. Sidhani kama angebaki kwangu kwa sababu ya ushonaji peke yake, maana ile sketi niliirudisha mara ya kwanza ikiwa mbovu.

Sketi ile, mnaijua, bado inakuja kwenu kila mwaka kabla ya Pasaka yao. Msithubutu kuitia kwenye mashine ya kufulia. Inaoshwa kwa mkono, inatiwa wanga, kisha kila rinda linashikizwa kwa uzi mrefu na kupigwa pasi likiwa bado bichi. Madame aliniambia wazee wao husema marinda ni mengi kama miaka waliyotawaliwa na Waturuki. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba nikiyapiga pasi, nilikuwa nawachukia Waturuki kwa kukaa muda mrefu hivyo.

Ngoma zao nilizijifunza kwa mahali nguo zinapochanika. Msicheke, fundi anajua mambo mengi kupitia matundu. Pentozali, ya kisiwa cha Krete, huchana suruali katikati ya mapaja, kwa sababu wanaume wanaruka na kukita miguu kana kwamba wanamkanyaga adui. Kalamatiano, ile ya mduara mkubwa ambayo hata bibi harusi anaicheza, huchana kwapa, maana wanashikana mikono na mmoja akichelewa anavutwa. Za watu wa milimani hazichani kitu, ila zinamaliza soksi. Madame alinieleza kwa nini. "Watu ya mulima iko na nguo nzito, Papa, sufu na fedha kifuani. Unaruka na ule uzito wapi? Unatembea tu, unasukuma udongo na mguu. Watu ya kisiwa iko na nguo nyepesi, na mashua iko ndani ya magoti yao." Kisha akawaita wasichana wawili waliokuja kupimwa nguo, mmoja acheze kama wa kisiwani, mwingine kama wa milimani, na kweli, magoti ya yule wa kwanza yalikuwa yanayumba kidogo kama yuko majini. Kuanzia siku hiyo, kabla ya kukata nguo ya ngoma nauliza kwanza imetoka wapi.

Halafu kuna leso. Tsamiko ni ngoma ya anayeongoza: yuko mbele peke yake, na mtu wa pili amemshika kwa leso. Yule wa mbele anajitupa nyuma, mgongo karibu ufike sakafuni, uzito wake wote uko kwenye kile kitambaa. Mimi nilikuwa sijui hilo. Nilitaka kupendeza, nikashona leso za satini, zinang'aa hasa. Siku ya sherehe kiongozi akajitupa nyuma, satini ikateleza, na yeye akaenda kutua kwenye meza ya padri, ndani ya sahani ya pweza. Watu waliumia mbavu kwa kucheka. Padri hakucheka, alikuwa anampenda yule pweza. Tangu hapo leso ni pamba, pindo linashonwa mara mbili, uzi umepitishwa kwenye nta. Wanjiru, wewe una haraka, unapenda kushona pindo mara moja. Mtu ananing'inia pale, mama.

Bon. Nilianza kwenda ukumbini jioni za mazoezi, na sindano kwenye kola, kurekebisha palepale. Na kitu kimoja kikawa kinanisumbua. Madame Despina hakucheza. Alifundisha akiwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango, fimbo mkononi, anagonga mapigo sakafuni na kupiga kelele: "Mguu! Mguu, wewe, hauna mguu?" Mwanafunzi akikosea hatua, hakusimama kumwonyesha. Aliionyesha kwa vidole viwili mezani. Nikadhani ni magoti.

Hayakuwa magoti. Mama Béa ndiye aliyeniambia, kwa sababu wanawake huulizana: Madame alikuwa na mtoto wa kiume, alikufa kwa ajali ya gari barabara ya kwenda Johannesburg, na tangu siku hiyo hajavua nyeusi. Miaka ilikuwa imepita mingi. Nikasema moyoni, maskini, hakuna aliyemwondolea matanga. Nyinyi mnajua kwetu: mwaka ukiisha, familia inakusanyika, mfiwa anaogeshwa, anavuliwa nyeusi, anavalishwa nguo mpya, chakula, muziki, basi, anarudi kwa watu. Na nguo ile mpya nani anaishona? Fundi. Kwa hiyo nilinunua kitambaa cha buluu kizuri, nikamkata bluzi kwa macho bila kumpima, kola ndogo, vifungo vya lulu bandia. Nilikuwa na furaha kama bwana harusi. Nikamkabidhi ukumbini mbele ya watu.

Aliifunua, akapitisha kidole kwenye pindo. Wagiriki wote wakaacha kucheza wakatutazama, nikaona nimeharibu.

"Papa Kalenga," akasema, "hii nguo haina kosa. Mukono yako ni muzuri sana. Lakini kwetu nguo haitoe mutu kwa kilio."

Tukaenda kukaa nje kwenye ngazi, akanieleza. Katika kijiji cha mama yake, kule milimani, mfiwa hachezi. Anaweza kukaa bila kucheza mwaka, miaka, mpaka siku ya Pasaka ndugu yake anakuja kumshika mkono na kumwinua. Anawekwa mbele, mahali pa kiongozi. Anayemtoa anasimama wa pili, leso katikati yao, klarineti inapigwa polepole, na wote wanatembea naye kwenda kulia mpaka mduara urudi ulipoanzia. Akishamaliza huo mzunguko, ametoka. Kesho anaweza kuvaa hata nyekundu. Lakini lazima awe ndugu. Jirani anaruhusiwa tu kama mfiwa hana ndugu hata mmoja aliyebaki.

"Na wewe una ndugu?" nikauliza.

"Miye niko na Eleni."

Eleni ni binti yake, yuko Australia. Alihamia kule baada ya msiba. Madame alinirudishia bluzi. "Uniwekee. Eleni akikuja, nitaivaa." Ndiyo nikaitundika nyuma ya mlango.

Wanangu, niliiona ile bluzi ikingoja mpaka nikaichukia. Kila Pasaka yao ilipokaribia Madame alikuwa anapita dukani, anaigusa mkono, haulizi kitu. Na kila mwaka Eleni kwenye simu: mwaka huu kazi, mwaka huu mtoto anaumwa, mwaka kesho, mama. Kulikuwa na Wagiriki wengine waliotaka kumwinua, wamama wa kanisani, hata padri mwenyewe wa pweza. Alikataa wote. "Mutoto wangu iko muzima," alisema, "kwa nini nishikwe na jirani kama sina mutu?" Nilimkasirikia Eleni bila hata kumjua. Nilikuwa namtukana peke yangu nikipiga pasi.

Na huku ukumbi unapungua. Vijana walimaliza chuo wakaenda Johannesburg, wengine Ugiriki, wengine hukohuko Australia. Mwaka mmoja wanaume hawakutosha kwa tsamiko, nikaambiwa nipunguze sketi ili wasichana wazivae. Nilipunguza. Mwaka mwingine mduara haukufunga, ukawa nusu. Madame akagonga fimbo vilevile, na kelele zilezile, kwa watu wachache waliosimama mbali mbali kama meno ya mzee. Jioni ile nilimsindikiza mpaka kwenye robot, ndivyo wanavyoita hapa taa za barabarani, na pale tukingoja kuvuka akaniambia, "Papa, ngoma haikufe siku moja. Inakosa mutu mumoja, halafu mumoja." Taa ikawaka, tukavuka.

Kisha zamu yangu ikafika. Mama Béa aliugua, akafa. Sitaeleza hapo, mlikuwepo, mnajua nilivyokuwa. Mwaka ulipoisha, watu wetu walikuja: kanisa, Walubumbashi, Wabukavu, hata wale wanaouza simu mjini walifunga maduka. Waliniogesha kichwa, wakanivua nyeusi, wakanivalisha shati nililoshonewa na Mireille, ambalo bega moja lilikuwa juu kuliko jingine. Nilisamehe. Walinichezesha nikilia, na nilipomaliza kulia nikakuta bado nacheza. Madame Despina alikuwepo, ameketi nyuma, na nyeusi yake. Nilimwendea, nikanyoosha mkono. Nilijua sheria yake, lakini nilinyoosha tu, furaha ilikuwa imenizidi. Akaushika, akaubusu, akaurudisha.

"Nyinyi muko na bahati," akasema. "Muko wengi."

Nilirudi kucheza, lakini mguu ulikuwa mzito kama wa watu wa milimani.

Mwaka uliofuata alianguka bafuni, na baada ya hapo hakuinuka vizuri tena. Alilala kwenye fleti yake, na kila nilipokwenda alikuwa mdogo zaidi. Miaka yote ile nilimjua mama mnene aliyejaza mlango. Sasa shuka halikuonyesha kama kuna mtu. Halafu asubuhi moja akapiga simu ateliye, sauti nyembamba lakini ile ile ya kuamuru: "Papa, Eleni iko njiani. Leta ile bluzi. Na leso. Ile ya pamba, hapana ya pweza."

Nilikuta Eleni amefika, koti jekundu bado mwilini, begi halijafunguliwa. Mwanamke wa makamo, amechoka, macho ya mama yake. Tulikutana sebuleni, naye akaona bluzi mkononi mwangu, akajua. Aliniambia kwa Kiingereza, polepole, "Wewe ndiye fundi. Unanichukia, sivyo?"

Nikamwambia ndiyo. Sikuona sababu ya kudanganya.

Akaketi. Akasema, "Unajua kwa nini sikuja? Nilikuwa na nauli. Nilikuwa na likizo. Lakini nikimtoa mama yangu, maana yake nimekubali kaka yangu amekwisha. Mama akiwa amevaa nyeusi, ni kama bado tunamngoja wote wawili. Nilishindwa, Papa. Kila mwaka nilifika mpaka kukata tiketi, nikashindwa."

Hasira yote niliyokuwa nimeipiga pasi kwa miaka ikaniishia palepale. Nilikaa naye tukalia, mimi mzee mzima, bluzi mapajani. Kutoka chumbani tukasikia fimbo inagonga ukuta. Madame hakupenda watu waliochelewa.

Alikuwa ameegemezwa mito. Eleni akaenda upande wa kushoto wa kitanda, akampa mama yake ncha moja ya leso, yeye akashika nyingine. Simu yake akaiweka juu ya blanketi, klarineti ikaanza, ile ya milimani, inayopanda kama mtu anayelia akijizuia. Madame akanitazama.

"Wawili si ngoma, Papa. Shika."

Nikashika mkono wa kushoto wa Eleni. Tulikuwa watatu, na kitanda. Nafasi ya kwenda kulia haikuwepo, kulikuwa na kabati. Eleni akachezea palepale kwenye vigae, nami nikamfuata kwa viatu vyangu vya kazini, na chini ya blanketi, niliona, miguu ya Madame Despina inakwenda. Mguu wa kulia kwanza. Mama huyu nilimjua miaka yote ile na sikuwahi kuona hata hatua yake moja. Alikuwa anacheza vizuri kuliko wote aliowafundisha, na alikuwa amelala.

Eleni alikuwa analia, akapoteza mapigo.

"Mguu, Eleni," Madame akasema. "Tangu mutoto unawahi mguu."

Muziki ulipokwisha aliachia leso mwenyewe. Akanyoosha mikono juu kama mtoto anayevuliwa fulana, akasema, "Sasa bluzi."

Haikumfaa. Niliikata kwa ajili ya mtu mwingine. Nilibana pini mabegani, pembeni, mpaka vifungo vikakaribia kwapa, kisha nikaketi kwenye kiti cha pembeni, nikaipunguza palepale kwa mkono. Eleni akamvalisha. Nikamletea kioo. Alijitazama, akagusa kola.

"Buluu," akasema. "Nilikuwa nimesahau miye niko na macho ya buluu."

Alifariki kabla wiki haijaisha. Tulimzika na bluzi yake. Kulikuwa na wamama kanisani walionong'ona, buluu kwa marehemu aliyekuwa mfiwa, lakini Eleni alisema kwa sauti, "Mama yangu alitolewa."

Asubuhi ya kabla ya mazishi Eleni alikuwa amekuja ateliye, Wanjiru unakumbuka, wewe ndiye uliyemfungulia. Alikuwa na lile koti jekundu tu na jinzi. Akaweka mezani gauni jeusi la mama yake. "Nipunguzie," akasema. Lilikuwa limechujuka, ukilipeleka dirishani ni kama kahawia. Lakini nilipofumua pindo, kitambaa kilichokuwa kimekunjwa ndani kilikuwa bado cheusi kabisa, kama siku lilipokatwa. Uzi mweusi kwenye nguo nyeusi, macho yangu haya, nilichoma vidole mpaka Wanjiru akanitungia sindano. Nililipunguza kiunoni, nikaliinua mikono, likamkaa Eleni kana kwamba lilishonwa kwa ajili yake. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho. Baada ya hapo nilifunika cherehani na sijaifunua tena.

Alipolivaa alisimama mbele ya kile kioo chenu chenye ufa, akaniuliza, "Na mimi, Papa? Mimi nitatolewa na nani?"

Hana mama, hana baba, hana kaka. Mwanawe, amesema, wamekosana, hata kwa msiba huu hakupiga simu. Nilimwambia arudi Pasaka ya mwaka kesho. Ameahidi. Mnajua ahadi zake, lakini hii naiamini.

Sasa sikilizeni, kwa sababu haya yote nimeyaandika kwa ajili ya hili. Magoti yangu hayaniahidi mwaka mzima, na kifua nacho kina maneno yake. Sheria inasema ndugu wakikosekana, jirani anaruhusiwa, na mwana asiyepiga simu mimi namhesabu amekosekana. Sisi ndio majirani. Akiingia mama mmoja mwenye macho ya buluu na gauni jeusi lililochujuka, msimuulize kama anataka kupunguza au kurefusha. Zimeni pasi. Mwekeni mbele. Mmoja asimame wa pili, mwingine wa tatu, maana wawili si ngoma. Kwenda kulia, polepole, na kama meza ya kukatia inazuia njia, isukumeni.

Leso iko kwenye kopo la vifungo. Pindo nimelishona mara mbili.